Malkia Dido Juu ya Bamba la Shaba

Mwanamke amelala juu ya lundo kubwa la kuni. Upanga umekwisha kufanya kazi yake, naye yu katikati ya uhai na mauti. Kutoka mbinguni anashuka mjumbe wa miungu, Iris, mwenye upinde wa mvua, aje kumkata shungi la nywele ili roho yake ipate kutoka na mateso yake yakome. Picha hiyo haina rangi hata moja. Imefanywa kwa mistari ya wino mweusi juu ya karatasi, nayo yatoka Italia ya karne ya 17.

Aliyeichora juu ya bamba la shaba ni Giovanni Cesare Testa, kwa kufuata mchoro wa Pietro Testa, ambaye Giovanni Cesare alikuwa mtoto wa ndugu yake. Mwanamke huyo ni Dido, malkia aliyeanzisha mji wa Karthago katika pwani ya Afrika ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Tunisia.

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini picha ya Mwitalia wa zamani? Yatuhusu kwa sababu mtu aliyechorwa ni kiongozi wa mji wa Afrika, na waliotangaza habari za kifo chake ulimwenguni kote ni watu wa mji ulioiteketeza Karthago. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Basi na tuitazame ngoma hii, tuone ngozi ilivutiwa wapi.

BAMBA NA TINDIKALI

Kwanza yafaa kujua picha ya namna hii hufanywaje. Fundi hutwaa bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa kama kioo. Hulipaka nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, akaifukiza nta hiyo kwa moshi wa mshumaa hata ikawa nyeusi. Kisha hushika sindano na kuchora juu ya nta, na kila ipitapo sindano shaba huonekana. Bamba hilo humwagiwa tindikali, nayo hula shaba mahali palipo wazi tu. Kadiri tindikali ikaavyo, ndivyo mfereji uwavyo wa kina, na ndivyo mstari utakavyotoka mzito.

Baada ya hapo nta huondolewa. Wino hupakwa juu ya bamba lote, ukafutwa kwa kitambaa hata ukabaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi yenye unyevu huwekwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa katika mtambo wa magogo mawili yenye kukandamiza kwa nguvu. Karatasi ikibanduliwa, picha imekwisha kuhamia kwake. Lakini imehama ikiwa imegeuka. Kilichokuwa kulia juu ya bamba sasa ki kushoto, na upanga ulioshikwa kwa mkono wa kuume waonekana umeshikwa kwa mkono wa kushoto, isipokuwa fundi awe amekumbuka kuchora kinyume tangu mwanzo.

Bamba moja liliweza kutoa mamia ya nakala. Picha ya rangi ilikaa ukutani mwa nyumba ya tajiri mmoja, bali karatasi ilikunjwa, ikatiwa katika mkoba wa msafiri, ikavuka milima na bahari. Kabla ya kuwako kamera, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuwaonyesha watu wa miji mingi kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Pietro Testa alizaliwa katika mji wa Lucca mwaka 1612, akaenda Roma angali kijana. Siku zile ulitawala mtindo wa sanaa uitwao Baroko, uliochipuka Roma karibu na mwaka 1600. Mafundi wa mtindo huo walipenda saa ya msiba ifikapo kileleni: mkono uliokwisha kuinuliwa, damu inayoanza kutoka, macho yanayoelekea juu. Kifo cha Dido kiliwafaa sana. Guercino alikichora kwa rangi mwaka 1631, na picha yake ingaliko Roma katika jumba la Spada.

Testa mwenyewe alikuwa mtu wa elimu na wa huzuni nyingi, aliyeandika mawazo yake juu ya sanaa, na ambaye hakupata heshima aliyoitamani. Mwaka 1648 alichora juu ya shaba kifo cha Cato, Mrumi aliyejiua asije akaishi chini ya Julius Caesar. Mwaka 1650 mwili wake ulikutwa katika mto Tiber. Wako waliosema kwamba aliteleza, na wako walioshuku kwamba alijitosa. Giovanni Cesare ndiye aliyeitia michoro yake kadhaa katika shaba, na Dido miongoni mwayo.

HABARI KAMA ILIVYOSIMULIWA NA ROMA

Mchoro huo wafuata utenzi wa Virgil, mshairi mkuu wa Kirumi, aliyezaliwa mwaka 70 K.K. na kufariki mwaka 19 K.K. Utenzi huo, uitwao Aeneis, una vitabu 12, na kitabu cha nne chote ni cha Dido.

Virgil asimulia kwamba mji wa Troya ulipotekwa na Wayunani, shujaa Aeneas aliponyoka na watu wake wakaingia baharini. Dhoruba ikawatupa katika pwani ya Afrika, ambako Dido alikuwa akijenga Karthago. Malkia huyo alikuwa mjane na mkimbizi, kwa kuwa mumewe aliuawa na ndugu yake mwenyewe, mfalme wa Tiro. Akawakaribisha wageni, akawalisha, akatengeneza merikebu zao. Kwa hila za miungu akampenda Aeneas, na kazi ya kujenga ikasimama: minara haikuendelea kupanda, na vijana wakaacha mazoezi ya silaha.

Ndipo ikaja amri kutoka kwa Jupiter, mkuu wa miungu, kwamba Aeneas aondoke kwenda Italia, kwa maana huko ndiko ukoo wake utakakoanzisha utawala wa Roma. Aeneas akatii. Aliwaamuru watu wake watayarishe merikebu kwa siri, na malkia akaitambua siri hiyo kabla hajaambiwa neno. Alimsihi, alimlaani, akamsihi tena. Hatimaye alimwambia dada yake, Anna, ajenge lundo la kuni uani, juu yake iwekwe silaha ya Aeneas, mavazi yake na kitanda chao, akisingizia kuwa ni uganga wa kuondoa mapenzi. Akapanda juu yake akajichoma kwa upanga aliopewa na Aeneas. Kabla ya kufa aliomba kwamba pasiwe na mapatano kamwe baina ya watu wake na uzao wa Aeneas, na kwamba kutoka katika mifupa yake ainuke mlipiza kisasi.

Kila Mrumi aliyeyasoma hayo alijua mlipiza kisasi ni nani. Alikuwa Hannibal, jemadari wa Karthago, aliyezaliwa mwaka 247 K.K., akavuka milima ya Alpi mwaka 218 K.K., na mwaka 216 K.K. akalivunja jeshi la Roma katika uwanja wa Cannae, pigo ambalo Warumi hawakulisahau.

Hapa ndipo ustadi wa Virgil ulipo. Vita vitatu vikubwa kati ya Roma na Karthago vilikuwa na sababu zake: Sisilia, biashara, bahari, fedha ya Hispania. Utenzi waziweka kando sababu hizo, na mahali pake waweka moyo wa mwanamke aliyeachwa. Kwa simulizi hilo, Mrumi aliondoka kwa kutii amri, na Mwafrika akaanzisha uadui kwa ghadhabu ya mapenzi. Tena wataalamu wengi wameona kuwa nyuma ya Dido kimesimama kivuli cha Cleopatra, malkia wa Misri aliyekufa mwaka 30 K.K. baada ya kushindwa na Augustus, mfalme ambaye katika enzi yake Virgil aliandika.

Hata hivyo haitakuwa haki kumwita Virgil mtangazaji wa serikali tu. Alimpa Dido maneno yenye uchungu kiasi kwamba wasomaji wa karne 20 wamemlilia yeye kuliko Aeneas. Lakini alimhurumia kwa gharama ya kumnyang'anya jambo lililokuwa lake.

HABARI ILIYOTANGULIA

Jambo hilo ni lipi? Kabla ya Virgil kuzaliwa, habari za malkia huyu zilikwisha kuandikwa na Timaeus, Myunani wa Sisilia. Baadaye zilikusanywa kwa urefu zaidi katika historia ya Pompeius Trogus, ambayo muhtasari wake uliofanywa na Justin tunao hata leo. Katika habari hizo malkia aitwa Elissa. Na ndani yake Aeneas hayumo kabisa.

Justin aeleza kwamba Elissa alikuwa binti wa mfalme wa Tiro, katika nchi ambayo leo ni Lebanon. Ndugu yake, Pygmalion, alimwua mumewe, Acerbas, kwa tamaa ya mali. Elissa hakungoja zamu yake. Alikusanya wakuu waliomchukia mfalme, akatoroka na merikebu, akapitia Kipro, akafika Afrika. Huko aliomba kununua ardhi itoshayo kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe. Wenyeji wakakubali, naye akaikata ngozi hiyo kuwa kamba nyembamba sana, akazungushia kilima kizima. Kilima hicho huitwa Byrsa mpaka leo, na Byrsa kwa Kiyunani ni ngozi.

Mji ukastawi. Ndipo Hiarbas, mfalme jirani, alipowaita wakuu kumi wa Karthago akawaambia kwamba amtaka malkia wao awe mkewe, na akikataliwa ataleta vita. Wakuu wale waliogopa kumpelekea malkia habari hiyo. Wakarudi na hila. Walimwambia kwamba mfalme ataka mtu mmoja wa kwenda kuwafundisha yeye na watu wake maisha ya ustaarabu, lakini ni nani atakayekubali kuwaacha jamaa zake akaishi ugenini kwa dhiki?

Malkia akawakaripia. Aliwaambia kwamba ni aibu kukataa maisha magumu kwa ajili ya nchi, ambayo, ikihitajika, mtu awiwa nayo hata uhai wake. Hapo ndipo walipomfunulia ujumbe wenyewe, wakamwambia kwamba sasa na afanye lile alilowaamuru wengine.

Malkia amenaswa na maneno yake mwenyewe. Akikataa, ametangua neno alilolitoa hadharani, na vita vyaja juu ya mji mchanga usioweza kuvihimili. Akikubali, amevunja ahadi aliyomwekea mumewe marehemu. Justin asema alilia sana, akilitaja jina la Acerbas, kisha akajibu kwamba atakwenda mahali anakoitwa na ajali yake na ya mji wake. Akaomba miezi mitatu. Muda huo ulipokwisha, alijenga lundo la kuni pembezoni mwa mji kana kwamba ataka kumtuliza marehemu kwa kafara kabla ya arusi. Akachinja wanyama wengi, akatwaa upanga, akapanda. Akawageukia watu, akawaambia kwamba anakwenda kwa mume kama walivyomwamuru. Akajimaliza. Justin aongeza kwamba muda wote Karthago ilipokuwa haijashindwa, Elissa aliabudiwa kama mungu.

Tazama tofauti. Kuni ni zile zile, upanga ni upanga, mwanamke ni yule yule. Lakini wa kwanza afa kwa kuwa mwanamume amekwenda zake, na wa pili afa kwa kuwa amri aliyowapa wengine imemrudia mwenyewe. Kila aliyepata kuwaongoza watu, hasa katika jeshi, aijua saa hiyo. Ni rahisi kusimama mbele ya safu na kusema kwamba nchi yastahili kila kitu. Safu huitikia, kisha humtazama aliyesema.

HESABU YA MIAKA

Haifai kudai kwamba habari ya Justin ni historia tupu na ya Virgil ni uongo mtupu. Zote mbili ni za kale mno, na zote zimepita mikononi mwa wageni. Vitabu vya Wakarthago wenyewe juu ya malkia wao havikutufikia. Hata hivyo kuna hesabu moja isiyopingika. Wayunani wa kale waliweka kuanguka kwa Troya katika mwaka 1184 K.K. Karthago, kwa hesabu ya Timaeus, ilianzishwa mwaka 814 K.K., na wachimbaji wa mambo ya kale wameona mabaki ya karne ya 9 na ya 8 K.K., karibu na wakati huo. Kati ya matukio hayo mawili pana miaka 370. Hata kama Aeneas alipata kuishi, alikuwa mavumbi kabla babu wa babu yake Dido hajazaliwa.

Waafrika wenyewe walilisema jambo hili mapema. Tertullian, mwandishi Mkristo mzaliwa wa Karthago, aliyeishi katika karne ya 2 na ya 3, hakumtaja Dido wa mapenzi. Alimtaja malkia aliyeona heri kuungua kuliko kuolewa tena, akiyageuza maneno ya Mtume Paulo aliyeandika kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, aliungama kwamba alipokuwa mtoto wa shule alimlilia Dido asijililie nafsi yake. Akaongeza kwamba ukiwauliza watu kama Aeneas alipata kufika Karthago, wasio na elimu watasema hawajui, na wenye elimu watasema si kweli.

Mwandishi mwingine, Macrobius, karibu na miaka hiyo ya Augustino, aliueleza ukaidi wa jambo hili kwa ufasaha. Alisema kwamba ulimwengu wote wajua kuwa mapenzi ya Dido na Aeneas ni ya kubuni, lakini wachoraji, wachongaji na wafumaji wa mazulia hawaachi kuyatumia, kana kwamba ni pambo pekee walilo nalo. Uzuri umeishinda kweli. Katika karne ya 14 Waitalia Petrarch na Boccaccio walijaribu kumrudishia malkia sifa yake. Hawakufua dafu. Miaka 300 baadaye Giovanni Cesare Testa aliposhika sindano yake, alimchora Dido wa Virgil.

MOTO WA PILI

Karthago ilianza kwa mwanamke motoni, na ilikwisha vivyo hivyo. Mwaka 149 K.K. Roma iliuzingira mji huo ambao haukuwa tena na nguvu za kuitisha. Wakarthago walijitetea kwa miaka mitatu. Mwaka 146 K.K. jemadari Scipio Aemilianus aliingia, na vita vikaendelea nyumba hadi nyumba kwenye njia zielekeazo Byrsa. Appian aandika kwamba watu 50,000 walijisalimisha. Waliosalia walijifungia hekaluni, na amiri jeshi wao, Hasdrubal, akatoka kwa siri kwenda kuomba msamaha miguuni pa Scipio. Mkewe, akiwa juu ya hekalu lililokuwa likiwaka, alimlaani mumewe mbele ya majeshi yote mawili, akawaua wanawe, akajitupa motoni.

Mji uliteketea kwa siku nyingi, na waliotekwa wakauzwa utumwani. Yapata miaka 117 baadaye, mwaka 29 K.K., Augustus alipeleka walowezi wa Kirumi wakae juu ya magofu hayo. Ni katika miaka hiyo hiyo Virgil alianza kuandika utenzi wake. Mshindi alikuwa amekwisha kuitwaa ardhi. Ilibaki hadithi yake.

Basi, tuirudie karatasi ya Testa. Ni nini ndani yake kinachomfanya Dido awe wa Virgil na si wa Justin? Si kuni, wala si upanga, wala si damu. Ni Iris, mjumbe wa miungu ya Warumi, aliyetoka katika kurasa za utenzi. Mfunike Iris kwa kidole, na mbele yako amebaki kiongozi aliyetimiza neno lake. Mwondolee kidole, na amerudi kuwa mpenzi aliyeachwa. Upana wa kidole kimoja ndio unaotenga heshima na huruma.

Siku hizi Elissa hajasahauliwa kwao. Sura yake ilitiwa katika noti ya dinari 10 ya Tunisia iliyotolewa mwaka 2005. Magofu ya Karthago yaliandikwa mwaka 1979 katika orodha ya urithi wa ulimwengu ya UNESCO, na mgeni aweza kupanda Byrsa akaiona bahari aliyoivuka malkia. Na mwezi wa Februari 1985 meya wa Roma na meya wa Karthago walitia sahihi mkataba wa amani wa kufunga vita vya zaidi ya miaka 2,100 nyuma, vita ambavyo havikuwa vimefungwa kwa mkataba wowote. Ombi la Dido, lile la kwamba pasiwe na mapatano kamwe, likatanguliwa kwa wino.

Lakini mkataba hauibadili picha. Picha ya shaba hutoka imegeuka, na mtazamaji asiyejua kazi ya mtambo hudhani kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa. Ajuaye huikabili na kioo, akaisoma upya. Ahadi ni deni, na Elissa alilipa lake. Deni lililobaki ni letu tunaotazama: tukionyeshwa kifo cha mtu mkuu, tuulize kwanza ni nani aliyeshika sindano.